Vidole Vilivyopiga Magoti

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndivyo walivyonena wahenga, na sina nia ya kuwakosoa. Ila nadhani lau wangevaa viatu nilivyovivaa mimi utotoni, wangeitafutia methali hii mfano mwingine, nao ungekuwa mchungu zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Unguja kusoma mashairi na kuzungumza juu ya tafsiri. Ilikuwa majira ya Kaskazi, joto limetanda juu ya Mji Mkongwe kama blanketi lililoroweshwa. Baada ya magharibi mwenyeji wetu alitukaribisha nyumbani kwake, ukumbini kumetandikwa mikeka, na kama ilivyo ada ya watu wa kisiwa, viatu vyote vilibaki mlangoni. Palikuwa na safu ya makubadhi na kandambili, na mwisho wa safu vikakaa viatu vyangu vyeusi vya kufunga kamba, vikubwa na vizito, kama majahazi mawili yaliyokosea bandari. Wenzangu waliingia wakaketi na kukunja miguu yao mitupu. Mimi niliingia na soksi.

Mzee mmoja, mshairi ambaye beti zake nilikuwa nazijua kabla sijaujua uso wake, alinitazama kwa huruma. “Bwana mgeni,” aliniambia, “vua soksi mguu upate hewa. Hapa hapana wa kukucheka.”

“Ahsante, mzee wangu,” nilijibu. “Miguu yangu bado ina baridi ya bara.”

Watu walicheka kwa wema, kwani hapakuwa na aliyekuwa na baridi usiku ule. Mzee hakunishurutisha. Kahawa ililetwa, halua ikapita, mashairi yakasomwa hadi saa nne, nami nikakaa na soksi zangu zilizolowa jasho. Nilirudi kwetu Nkende, katika mji wa Tarime, nikiwa na furaha ya mwaliko na aibu ya uongo. Uongo ule ulikuwa mdogo, bali ulikuwa na kaka zake wakubwa, na habari zao ndizo ninazotaka kumsimulia msomaji.

Niseme kwanza nilichokuwa nakificha. Katika kila mguu wangu, kidole cha pili na cha tatu vimejikunja. Kifundo cha kati kimeinuka juu kama paa la kibanda, na ncha ya kidole imeinama chini kana kwamba inatafuta kitu ardhini. Juu ya kifundo, mahali ngozi inaposuguana na kiatu, pameota sugu ngumu ya manjano. Chini ya unyayo, penye mito ya nyama tunayoikanyagia, pana sugu nyingine, kwa sababu kidole kinapoinuka kiungoni huusukuma mfupa wa unyayo chini, nao hubeba mzigo usiokuwa wake. Kidole changu cha pili ni kirefu kuliko kidole gumba. Hivyo ndivyo alivyokuwa baba yangu, na hivyo ndivyo alivyokuwa kaka yangu. Mguu wa namna hiyo, ukiingia ndani ya kiatu kifupi, kidole kirefu ndicho cha kwanza kukunjwa.

Waingereza hukifananisha kidole cha namna hii na nyundo. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni tafsiri, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kazi hiyo ila vitabu na redio, siwezi kukutana na jina la kigeni nisilitafutie mwenzake. Nilitafuta katika kamusi nilizo nazo, nikakuta nyundo ya fundi na nyundo ya mchezaji wa michezo ya uwanjani. Ya kidole sikuiona. Niliwauliza watu wa kwetu, wakaniambia tu kwamba vidole “vimekunjamana” au “vimejikunja”. Madaktari wao hupambanua zaidi. Kuna kidole kinachopinda kwenye kifundo cha kati, na hicho ndicho nyundo. Kuna kinachopinda kwenye kifundo cha mwisho tu, karibu na kucha. Na kuna kinachojikunja kote kama kucha za mwewe aliyekamata kifaranga. Asili yake hasa ni ugomvi wa misuli na kano: zile zinazokunja huzishinda nguvu zile zinazonyoosha, na kidole kikikaa mkunjo ule kwa miaka, kano hufupika, kiungo hukakamaa, na kilichokuwa mazoea huwa umbo. Kiatu kibaya huuchochea ugomvi huo. Vile vile huuchochea baridi yabisi, nundu ya kidole gumba inayomsukuma jirani yake, na maradhi yanayoharibu mishipa ya fahamu, kama vile kisukari na ukoma.

Jina nililoliridhia sikulipata kitabuni. Nitalitaja litakapofika zamu yake.

Sasa nirudi kwenye kiatu. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa pwani, hiyo ni tarehe ya historia. Kwa mtu wa Tarime, ambaye Sirari na Isebania ni kama sebule na ua wa nyumba moja, ilikuwa ni mlango uliofungwa katikati ya nyumba. Vikaja Vita vya Kagera, ikaja dhiki ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ikawa bidhaa adimu, na kiatu kikawa ndoto. Si kwamba nchi haikuwaza juu ya viatu. Kule Morogoro kulijengwa kiwanda kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kilikuwa na mitambo ya kisasa na kuta za alumini zisizo na njia ya kupitisha hewa katika joto la Morogoro. Uzalishaji wake haukupata kuvuka asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 ulisimama kabisa. Niliposoma habari hizo ukubwani nilinyanyua kichwa nikaitazama miguu yangu. Nilikuwa mmoja wa watoto ambao jozi zile milioni 4 hazikuwafikia.

Mwaka 1982 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yangu, ambaye sisi kwa Kikurya humwita Tata, aliamua kwamba mwanawe hataendelea kwenda shule miguu mitupu. Asubuhi moja aliniamuru nisimame juu ya udongo uliosawazishwa, akachukua bua la ulezi, akalilaza kando ya unyayo wangu, akalikata kwa kisu palipoishia kidole kirefu. Bua lile alilitia katika mfuko wa koti. Baada ya majuma mawili alivuka mpaka usiku kwa njia za panya, akaenda Isebania, akarudi alfajiri na viatu vyeusi vya ngozi vilivyochongoka mbele, vya kumfaa karani wa ofisi. Viatu vile vilikuwa sawa na bua. Lakini bua hupima urefu. Upana halipimi, wala halina habari ya mtoto anayekua.

Niliingiza mguu, vidole vikakunjika kupata nafasi. Tata alikuwa amechuchumaa mbele yangu, matope ya njia bado hayajamkauka magotini.

“Mura, vinakutosha?” aliniuliza.

“Vinanitosha, Tata.”

Hilo ndilo neno. Nimetunga beti nyingi tangu siku ile, wala sijapata kusema neno lililodumu mwilini mwangu kama hilo. Ningewezaje kusema vinginevyo? Mtu aliyehatarisha uhuru wake usiku kwa ajili ya mguu wangu, nimwambie mguu umekataa? Isitoshe, sisi Wakurya hufundishwa katika saro, yaani jando letu, kwamba kijana hatikisi hata ukope mbele ya kisu. Aliyelia siku ile, kilio chake humfuata hadi uzeeni. Basi kama kisu hakiliziwi, kiatu kitaliziwaje? Nilivivaa viatu vile miaka mitatu, juu ya njia za mawe za Nkende, kupanda na kushuka, na nilipoviacha vidole vyangu havikukumbuka tena namna ya kulala.

Nisieleweke kwamba nakilaumu kiatu kwa kuwa kiatu. Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha uchunguzi wake wa miguu ya watu wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati wasiovaa viatu, akaonyesha jinsi vidole vyao vilivyotanuka vikanyooka mbele, tofauti na vya watu waliozoea viatu vya kubana. Na Abebe Bikila, Mhabeshi, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, akashinda. Zipo siku nilipenda kutumia habari hizo kama mashtaka. Lakini mimi nimezaliwa mahali penye funza na safura, nimewaona watoto wenzangu wakitembelea visigino kwa sababu vidole vimeliwa na funza, nami najua msumari wenye kutu unaweza kufanya nini. Tata hakukosea kuninunulia viatu. Kosa lilikuwa kunyamaza kwangu.

Kaka yangu alinyamaza kunishinda mimi. Yeye alikuwa na vidole kama vyangu, na kazi yake ya ulinzi ilimtaka avae buti kutwa na kucha. Kila baada ya wiki mbili tatu alikuwa akikaa nje ya nyumba yake jioni, mguu juu ya kigoda, akiparua sugu kwa wembe, akizungumza na kucheka kama anayemenya muhogo. Sisi tulimtazama kwa fahari. Nilimwuliza mara moja, “Kaka, huumwi?” Akanijibu, “Siumwi hata kidogo.”

Safari hii alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokuwa msiba. Hakuwa akiumwa kwa sababu mguu wake ulikuwa umekwisha kupoteza hisia. Alikuwa na kisukari kwa miaka, bila yeye kujua, wala sisi, na kisukari kilikuwa kimeila mishipa ya fahamu kutoka vidoleni kwenda juu, taratibu, kama maji ya kujaa yanavyoila fukwe. Mwaka 2009 wembe ulipita ndani kidogo. Kidonda hakikufunga. Mahali pa kwanza alipokwenda walimsafisha, wakamfunga bendeji, wakampa vidonge. Hapakuwa na aliyempima sukari. Sisemi haya kwa kulaumu peke yake, kwani hata sisi wa nyumbani hatukuuliza. Alipofika mahali pa pili, kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Walikata kidole, kisha wakakata mguu chini ya goti. Mwaka 2011 tulimzika.

Baadaye nilisoma kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takriban watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na sukari iliyopita kiasi katika damu. Nikasoma pia kazi za Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameshughulikia miguu ya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliandika juu ya wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wasihisi, wakaamka asubuhi na kukuta majeraha. Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Nilimkumbuka kaka yangu na kigoda chake. Sisi tulikuwa tumejifunza kuheshimu mtu asiyelia, bila kujua kwamba iko siku mtu halii kwa sababu mwili wake umekwisha kumwacha.

Tanga lilipovunjwa, nilikwenda kupima sukari. Ilikuwa ya kawaida. Daktari kijana aliyenipima aliniomba nivue soksi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1982 nilimwonyesha mtu miguu yangu kwa makusudi. Alikishika kila kidole kwa vidole vyake viwili, akakivuta polepole. Vya mguu wa kushoto vilikubali kunyooka, ijapokuwa vilirudi vilipoachwa. Vya mguu wa kulia havikusogea. Kiungo kilikuwa kimeshakakamaa. Akanieleza kwamba tofauti hiyo ndiyo msingi wa shauri lote. Kidole kinachonyooshwa kwa mkono kinaweza kusaidiwa nyumbani. Kidole kilichokakamaa hakinyoshwi na zoezi wala mafuta wala bendeji. Cha kukinyoosha ni upasuaji peke yake, ambapo hukatwa kipande cha mfupa au hurefushwa kano, na mara nyingi hupenyezwa waya mwembamba wa kukishikilia kwa majuma kadhaa. Lakini si kila kisichonyooka lazima kipasuliwe. Kama maumivu yanaweza kutulizwa, na kama ngozi ni nzima, na kama sukari haipo, mtu anaweza kuishi na vidole vyake vilivyopinda hadi kaburini.

Nikachagua kuishi navyo. Nitaeleza namna ninavyoishi navyo, si kwa sababu mimi ni tabibu, bali kwa sababu najua wako wasomaji wa kurasa hizi wanaokaa na soksi.

Jambo la kwanza ni kiatu, nalo ni kubwa kuliko mengine yote yakikusanywa. Nilikwenda kwa fundi viatu wa Tarime mjini, kijana anayefanya kazi chini ya mwavuli, nikamwonyesha viatu vyangu na, baada ya kusitasita, miguu yangu. Alivitazama vidole kama seremala anavyotazama mlango uliovimba.

“Mzee,” alisema, “vidole vyako vimepiga magoti, nawe unavijengea dari fupi. Viinulie dari.”

Basi jina nikawa nimelipata, kutoka kwa mtu ambaye hakulitafuta. Na shauri lake ndilo hilo hilo walilo nalo wataalamu: kiatu kiwe na kina mbele, si upana tu, ili kifundo kilichoinuka kisisuguliwe, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kisigino kiwe kifupi, kwa kuwa kisigino kirefu huumwaga mwili wote juu ya vidole. Tangu siku hiyo silitumii bua. Husimama juu ya karatasi, nikauchora mguu wangu kwa kalamu, nikaenda nayo sokoni penye mitumba, nikakilaza kiatu juu ya mchoro. Kiatu kinachoacha wino ukionekana pembeni nakiacha hapo hapo, hata kikiwa kizuri vipi. Na hununua jioni, kwa sababu mguu wa jioni umevimba kidogo, nao ndio mguu wa kweli wa mtu anayefanya kazi. Kiatu kimoja nilichokipenda na kilichokuwa kifupi wa dari, fundi alikikata tundu juu ya kidole akakishonea kiraka cha ngozi laini. Nyumbani nina katambuga za tairi ambazo mikanda yake nilimwomba aisogeze nyuma, isipite juu ya vifundo.

La pili ni sugu. Kila Jumamosi huloweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa robo saa, kisha nikaisugua sugu kwa jiwe la kusugulia, polepole, kidogo leo, kidogo Jumamosi ijayo. Naikausha miguu, hasa katikati ya vidole, ambako unyevu huleta ukungu. Kisha napaka mafuta juu na chini, si katikati ya vidole. Juu ya kifundo nabandika kipande cha sponji nilichokikata mfano wa pete, sugu ikae ndani ya tundu na kiatu kiguse pete. Wembe umetoka nyumbani kwangu. Ndevu nanyolewa kwa kinyozi. Na zile dawa za kubandika zenye tindikali ya kuyeyusha sugu sizitumii, wala simshauri mtu mwenye kisukari hata aziguse, kwa maana tindikali haipambanui sugu na nyama.

La tatu ni mazoezi, nayo ndiyo yaliyonichekesha. Asubuhi, kabla ya kushika kalamu, hutandika kitambaa sakafuni, nikakikusanya kwa vidole vya mguu hadi kijikunje chote. Kisha humwaga gololi za mjukuu wangu, nikaziokota moja moja kwa vidole na kuzitia kikombeni. Mjukuu huyo huketi mbele yangu kama mwamuzi, akihesabu. Mwisho hukishika kila kidole cha mguu wa kushoto kwa mkono, nikakinyoosha na kukishikilia kwa muda wa ubeti mmoja wa tarbia, nikiusema kimoyomoyo. Mishororo minne, mizani kumi na sita kila mmoja. Daktari alisema nihesabu sekunde, lakini mimi sekunde sizijui kama ninavyozijua mizani. Katika kutafsiri kwangu nimekutana na jambo ambalo zamani lilinishangaza: Waingereza hupima mshororo wao kwa miguu. Sisi tunapima kwa mizani kama wafanyabiashara, wao kwa miguu kama wasafiri. Sasa kila alfajiri mimi napima miguu kwa mizani, na deni la pande zote mbili limelipika.

La nne ni jicho. Kila usiku huiangalia miguu, juu, chini, na katikati ya vidole, kwa taa, na kwa kioo pale jicho lisipofika. Sina kisukari, ila nina umri wa kukipata, na hupima sukari kila mwaka. Mwenye kisukari hana ruhusa ya kujitibu sugu peke yake. Asiyaamini maji kwa mguu wake bali ayapime kwa kiwiko, asitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba, akung'ute kiatu kabla ya kukivaa, na kidonda chochote, kiwe kidogo kama chembe ya mtama, akipeleke kwa daktari siku ile ile. Hata asiye na kisukari, akiona wekundu unaopanda, usaha, ganzi, au kidole kinachobadilika rangi, asingoje kesho.

Matunda ya haya yote ni yapi? Nisimdanganye msomaji, kwani uongo wa miguu nimeuacha. Vidole vya kushoto vimelegea, navyo hulala vizuri zaidi kuliko zamani, ijapokuwa havijanyooka. Vya kulia viko vile vile vilivyokuwa siku daktari alipovishika. Sugu imepungua ikawa kivuli tu. Maumivu, ambayo zamani yaliniamsha usiku, siku hizi hunitembelea kama jamaa wa mbali, kwa nadra na kwa sababu maalumu. Sikupona. Tumepatana. Na wakati mwingine, nikiwaona vijana wa kwetu katika ngoma ya litungu wakicheza juu ya viatu vyao virefu vya mbao, wakitua kwa kishindo bila kuyumba, hufikiri kwamba mguu ni kiumbe mstahimilivu sana, na pengine ndiyo sababu tunausahau.

Tata alifariki bila kujua. Nimewahi kujiuliza kama ningemwambia alfajiri ile kwamba viatu vinabana, angefanya nini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ningemvunja moyo. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao alipochuchumaa mbele yangu, nami pia nina watoto, na jibu nalijua. Angekasirika kwa muda, kisha angekata bua jingine.

Mwaka juzi nilirudi Unguja. Nyumba ilikuwa ile ile, mikeka ile ile, na yule mzee, mwenye nuru ya uso kama zamani, alikuwa ameegemea ukuta. Nilivua viatu mlangoni, nikainama nikavua na soksi, nikazitia ndani ya viatu. Niliingia nikatoa shikamoo, nikaketi, nikakunja miguu. Mzee aliitazama kwa muda ule ule ambao mtu huitazama miguu ya mtu yeyote, akanisogezea kikombe cha kahawa, akaniuliza kama nimekuja na beti mpya. Nilikuwa nao mmoja, niliokuwa nimeufanyia zoezi asubuhi nyingi kule Nkende, nikausema:

Mguu u kiatuni, vidole vimekunjika,
Maumivu ya moyoni, kinywa hakikutamka,
Ukitolewa mwangani, ndipo mtu huponyeka,
Ndugu vua barazani, hapana wa kukucheka.